Roboti Kwenye Treni ya Abiria: Ni Nani Atakayebanwa?

 Leo tutazame swali zito: je, roboti za kusambaza mizigo zinastahili kupanda chombo kimoja na abiria? Julai 2025, jijini Shenzhen, China, roboti zaidi ya 40 zilijaribiwa kupeleka bidhaa kwenye maduka ya 7-Eleven yaliyomo ndani ya stesheni za treni ya chini ya ardhi. Awali mfanyakazi aliegesha gari barabarani, akashusha shehena na kuisukuma mwenyewe hadi chini. Roboti yenye kimo cha mita moja hivi hushuka kwa lifti, husubiri abiria washuke, kisha huvuka upenyo ulio kati ya jukwaa na behewa.

Wanaounga mkono wana hoja: jaribio lilifanywa nje ya saa za msongamano, na mzigo unaopita chini hupunguza magari barabarani. Hayo tunayakubali. Lakini wanaposema kwamba abiria nao hubeba mizigo, hoja inapwaya. Begi lina mwenyewe kando yake. Akiombwa asogee, husogea. Tena roboti haigombei kiti. Kwa kuwa inatembea kwa magurudumu, inagombea lifti, mteremko na sakafu tambarare, yaani vitu vilevile anavyovitegemea mlemavu wa miguu, mzee na mama mwenye kigari cha mtoto. Mwaka 2019 huko Pittsburgh, Marekani, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu alilalamika kwamba roboti ya kupeleka chakula ilisimama kwenye mteremko wa kupandia njia ya waenda kwa miguu, naye angali barabarani. Majaribio yakasitishwa kwa muda.

Wapo watakaosema basi zipigwe marufuku, kama jiji la Toronto, Kanada, lilivyozizuia kwenye njia za waenda kwa miguu mwaka 2021. Hatuoni haja ya kufika huko, mradi masharti yawe makali: zisipande saa za msongamano, binadamu atangulie daima katika lifti, sehemu ya viti vya magurudumu isiguswe, mhudumu wa stesheni aweze kuzizima na kuzisogeza papo hapo, na kampuni ilipie nafasi inayotumia na kuwajibika kwa madhara. Treni ya umma imejengwa ili ibebe watu. Mzigo na upande pale tu ambapo hakuna mtu atakayeachwa kwa ajili yake.