Mombasa hadi Busia: Usihesabu Ndege Pekee

Ukipigiwa simu kuna maziko Busia, nawe wajua maiti hakawizwi, hesabu vyema. Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi Kisumu kwa njia ya angani ni kama kilomita 700. Kupitia Nairobi hakurefushi njia, kwani Nairobi iko karibu na mstari uo huo, na kila kipande ni kama saa moja hewani. Kinachokula muda ni kungoja ndege ya pili. Ukishuka Kisumu, bado kilomita zaidi ya 100 kwa gari, yapata saa mbili. Malaba ongeza kama 30. Ndege ya alfajiri yaweza kukufikisha kabla ya Alasiri. Ukipanda ya adhuhuri, utakuta watu washazika.