Kifaa cha kupima gari: ulipie ujumbe mrefu kiasi gani?

Anayenunua kifaa cha kupima gari kwa kompyuta huuliza kinasoma aina ngapi za magari. Gereji inayotaka pia kupakia programu kwenye kontroli boksi ina swali zito zaidi: kinamudu ujumbe wenye urefu gani?

Mtandao wa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986, hubeba baiti 8 kwa fremu. CAN FD, ya mwaka 2012, hubeba hadi 64. Ujumbe unaozidi hapo hukatwa vipande kwa utaratibu wa ISO-TP. Kikomo chake kilikuwa baiti 4,095 mpaka toleo la mwaka 2016 lilipokipandisha hadi zaidi ya bilioni 4. Ujumbe wa baiti 4,095 huhitaji fremu 586 kwenye CAN ya kawaida na 66 kwenye CAN FD. Anayesoma hitilafu haoni tofauti. Anayepakia programu huiona kwenye muda, gari likiwa limefungwa chaja ili betri isishuke katikati ya kazi.

Adapta za ELM327. Ndizo rahisi kuliko zote, na zinatosha kujua kwa nini taa ya injini imewaka. Hazisomi CAN FD. Jihadhari na zilizoandikwa toleo 1.5: Elm Electronics, waliobuni chipu hiyo, hawakuwahi kulitoa.

Vifaa vya J2534. Hivi ni vya kupakia programu za watengenezaji. Bei yake ni ya juu, na juu yake kuna ada ya usajili kwa mtengenezaji wa gari. Uliza toleo. Katika 04.04 kila ujumbe umetengewa baiti 4,128, lakini 05.00 limeondoa kikomo hicho. Uwezo wa CAN FD nao uthibitishwe peke yake, usidhaniwe.

Linux na adapta ya USB. Tangu toleo 5.10 la mwaka 2020, ISO-TP imo ndani ya Linux, na zana za can-utils ni za bure. Kikomo cha kawaida ni baiti 8,300, na matoleo mapya yanakuruhusu kukipandisha. Gharama kubwa hapa ni muda wa kujifunza, na programu za mtengenezaji hazimo.

Usilipie tarakimu kubwa peke yake. Kabla ya upakiaji kuanza, kontroli boksi hutaja urefu wa kipande inachokubali. Ikitaja 4,095, kifaa cha mamilioni hakiwezi kuilazimisha ipokee zaidi. Gari, kifaa na programu, vyote vitatu sharti vikubali ujumbe mrefu; kimoja kikikataa, fedha ya ziada imepotea.

Kwa gereji ya Dar es Salaam au Mombasa inayohudumia mitumba ya Kijapani, nashauri kifaa kizuri cha CAN ya kawaida, na fedha inayobaki inunue chaja imara. Anayepokea magari mapya, kama ya General Motors ya 2020 na kuendelea, atafute CAN FD. Kwa vyovyote, mwambie muuzaji akionyeshe kifaa kikifanya kazi kwenye gari unalolihudumia, kabla hujatoa hata shilingi.