Lesotho: Ufalme wa Milimani Unaoinywesha Johannesburg

Fungua bomba Newtown, katikati ya Johannesburg, na sehemu ya maji yatakayotoka yametoka nchi nyingine. Yamekingwa na bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, yakapitishwa kwenye mahandaki chini ya milima ya Maluti hadi mto Vaal. Nchi hiyo ni Lesotho. Ni kubwa kidogo kuliko Burundi, yote imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Afrika Kusini imeizunguka pande zote.

Nchi iliyozingirwa hivyo imebakije na mfalme wake? Jibu linaanzia Thaba Bosiu, mlima wa kilele bapa ambako chifu Moshoeshoe alihamia na watu wake, Wasotho, mwaka 1824. Jeshi la Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, lilijaribu kuupanda mwaka 1831 likashindwa. Inasimuliwa kwamba lilipokuwa likiondoka, Moshoeshoe alilitumia ng'ombe wa kula njiani, kwa kuwa alijua ni njaa iliyolileta.

Mwaka 1833 aliwakaribisha wamisionari Wafaransa. Hapo ndipo ninapomwona mwanadiplomasia: hawakuwa Waingereza, wala hawakuwa Makaburu. Mmoja wao, Eugène Casalis, akawa mwandishi wa barua zake na mshauri wake wa mambo ya nje. Mwaka 1852 jeshi la Kiingereza la Jenerali Cathcart lilimvamia, likakwama katika uwanda wa Berea. Usiku uleule Moshoeshoe alimwandikia jenerali kuomba amani, akisema adhabu aliyotoa na ng'ombe aliowateka vinatosha. Cathcart akapata njia ya kuondoka bila aibu, akaishika.

Makaburu wa Orange Free State hawakuondoka, maana walitaka mashamba. Vita vya 1858 na vya 1865 viliwanyang'anya Wasotho ardhi yao bora ya nafaka, magharibi mwa mto Caledon. Mzee Moshoeshoe akaomba ulinzi wa Malkia wa Uingereza, na tarehe 12 Machi 1868 nchi ikawekwa chini yake. Wapo wanaosema aliuza uhuru. Mimi nasema alimchagua bwana wa mbali, asiyetaka kulima pale, ili asimezwe na jirani aliyekwisha kuingia shambani. Mwaka 1880, serikali ya koloni la Uingereza la Rasi, iliyokuwa imekabidhiwa nchi hiyo, ilipotaka kuwanyang'anya bunduki, Wasotho walipigana, na mwaka 1884 wakarudi chini ya London moja kwa moja. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, walikataa kuingizwa. Kwa hiyo tarehe 4 Oktoba 1966 walipata uhuru wao wenyewe.

Ila mashamba ya Caledon hayakurudi, na nchi isiyo na nafaka ya kutosha hupeleka vijana wake kutafuta mshahara. Newtown ipo kambi ya vibarua wa manispaa iliyojengwa mwaka 1913, ambayo sasa ni makumbusho ya wafanyakazi. Unaona vitanda vya zege walivyolalia wanaume wasioruhusiwa kuja na wake zao. Kwenye migodi ya Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, Wasotho walikuwa zaidi ya 100,000. Serikali iliyokuwa ikiwatawala wazazi wao kule Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ilijua kwamba Pretoria, yaani serikali ya Afrika Kusini, ingeweza kuwarudisha nyumbani wakati wowote.

Hata hivyo Waziri Mkuu Leabua Jonathan aliwapa hifadhi wakimbizi wa ANC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru usiku, wakaua watu 42, raia wa Lesotho wakiwamo. Januari 1986 Pretoria ilibana mipaka, na kabla mwezi haujaisha wanajeshi wakiongozwa na Jenerali Lekhanya wakampindua Jonathan. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo mkataba wa kuipelekea Afrika Kusini maji ulitiwa saini.

Maji yalianza kushuka mwaka 1998. Septemba ya mwaka huo majeshi ya Afrika Kusini, sasa yakiwa ya serikali ya kidemokrasia, yaliingia Lesotho kutuliza ghasia za uchaguzi, na moja ya sehemu za kwanza kushikwa ilikuwa bwawa la Katse. Askari wa Lesotho waliokuwa wakililinda waliuawa pale. Mrabaha wa maji unaendelea kulipwa Maseru.