Utafiti wa Uelewa wa Afya Wastahili Fungu: Funzo la Sumukuvu Ukambani

Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yalisababisha mashariki mwa Kenya mojawapo ya milipuko mibaya zaidi ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayoshambulia ini na isiyokwisha kwa kupikwa. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Wataalamu wa Kenya na wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakabaini kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohifadhi ndani ya nyumba mahindi ya shambani mwao yakiwa bado na unyevu.

Ugunduzi uliofuata haukuzungumziwa sana, ingawa una uzito uleule: mwaka 2005, waliopata mafunzo ya kukausha na kuhifadhi mahindi walikutwa na sumu kidogo zaidi katika damu kuliko wasioyapata. Hapo ndipo penye hoja ya kugharimia utafiti wa uelewa wa afya, yaani uwezo wa mtu kupata habari za afya, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia anapofanya uamuzi, kwa kuwa manufaa yake yanaweza kupimwa maabara kama yanavyopimwa ya dawa.

Katika maeneo kama Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kumwambia mkulima kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5 hakumfai kitu iwapo hana kipimo. Lakini akionyeshwa kutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa, akaitikisa na kutazama iwapo chumvi inaganda kwenye kioo, anaweza kujiamulia mwenyewe. Ni ujumbe upi unaoeleweka, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, na ni upi unaotekelezwa hata na mwenye gunia moja anayelilaza chumbani kwa kuhofia wezi, ni maswali yanayohitaji watafiti, muda na fedha.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuikusudia asilimia 2 ya pato la taifa. Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa huduma za afya na Katiba ya 2010, nazo zingeweza kuambatanisha kila bajeti ya uhamasishaji na fungu la kupima matokeo yake, kwani semina isiyopimwa huhesabiwa kwa idadi ya waliohudhuria, ilhali kinachotafutwa ni idadi ya waliobadili namna ya kuhifadhi chakula chao.