Je, Wajua? Tundu la Nyuma la Mashine za Gemu

Je, wajua kwamba fundi wa dishi pale Ruiri, Kenya, tayari anaijua nusu ya kazi ya kupakia gemu kwa kebo? Ving'amuzi vingi vya zamani vya chaneli za bure vina tundu la RS-232 la pini 9 upande wa nyuma. Fundi huchomeka kebo, akaiunganisha na kompyuta, akapakia programu mpya. Baadhi ya mashine za gemu za miaka ya 1990 nazo zina tundu la siriali, yaani linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, na ndilo wanalolitumia watu wanaojiundia gemu zao.

Je, wajua kwamba RS-232, kiwango cha mawasiliano ya siriali, ilitoka Marekani mwaka 1960, kabla PlayStation haijawaziwa hata kidogo?

Mwaka 1997 Sony iliwauzia wapenzi wa gemu huko Marekani na Ulaya PlayStation nyeusi iitwayo Net Yaroze. Ndani ya boksi mlikuwa na kebo ya siriali. Uliandika gemu kwa lugha ya C kwenye kompyuta, kisha ikasafiri kwa waya huo hadi kwenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 2. PlayStation za kawaida za kijivu nazo zilikuwa na tundu la siriali. Ile ndogo nyeupe, PS one ya mwaka 2000, ndiyo iliyoachwa bila.

Je, wajua Dreamcast ya Sega, iliyozinduliwa Japani tarehe 27 Novemba 1998, bado inaandikiwa gemu? Andrew Kieschnick aliiundia dcload: unaiwasha mashine kwa diski mara moja, nayo inakaa ikisubiri programu kutoka kwenye kebo. Zaidi ya hapo, gemu ikikwama, ujumbe wa hitilafu unarudi kwa waya uleule hadi kwenye skrini ya kompyuta yako. Kwa anayejifunza, naona hilo lina thamani kuliko vitabu vingi.

Lakini usikimbilie kuunganisha. Dreamcast huongea kwa volti 3.3, ilhali RS-232 huweza kufika volti 15 juu ya sifuri na 15 chini yake, tena kwa mpangilio uliogeuzwa: moja ni hasi, sifuri ni chanya. Ukiunganisha moja kwa moja unaweza kuunguza chipu. Ndiyo maana katikati huwekwa chipu ya MAX3232 ya kubadilisha volti. Siku hizi adapta ya USB inayotoa volti 3.3 inatosha, ila hakikisha kijumper chake hakiko kwenye volti 5, na upime kwa mita kabla ya kugusa bodi. Waya ni tatu tu: TX (kutuma) ya huku iende RX (kupokea) ya kule, RX iende TX, na ardhi kwa ardhi.

Kasi je? Biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti hubeba biti 10, kwa kuwa kuna ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo ni baiti 11,520 kwa sekunde. Programu ya megabaiti moja huingia kwa dakika moja na nusu hivi. Bila kebo ungechoma CD kila unapobadilisha mstari mmoja, na mwanafunzi wa Nchiru au Ruiri hana pesa za kutupa diski.

Game Boy Advance ya mwaka 2001 hupokea programu ya hadi kilobaiti 256 kupitia waya wake wa kuunganisha wachezaji, bila kaseti yoyote. Mega Drive ya Sega nayo huweza kupitisha siriali kwenye tundu la kontrola, japo kasi yake ya juu ni biti 4,800 tu kwa sekunde.

Na ukinunua Dreamcast ya Japani, kumbuka inataka volti 100. Soketi ya Kenya ina 240, kwa hiyo tafuta transfoma kabla hujatafuta kebo.