Je, Wajua? Mafuriko ya Dar Yalipimwa kwa Goti

Ili kuchora ramani ya mafuriko ya Dar es Salaam, swali moja aliulizwa mwenye nyumba: maji yalikufika wapi? Kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua? Mtu hasahau maji yaliyomfika kifuani. Jibu liliingizwa kwenye simu papo hapo, likawa alama kwenye ramani.

Kazi hiyo inaitwa Ramani Huria, na ilianza 2015. Waliopita vichochoroni ni wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa na wakazi wenyewe. Droni zilipiga picha kutoka juu. Chini, mitaro ilikaguliwa mmoja mmoja: upana wake, kina chake, na kama imeziba. (Mtaro uliojaa chupa za plastiki ni mtaro kwa jina tu.)

Kata ya Tandale, Kinondoni, ilitangulia mradi huo. Ilichorwa 2011. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko makubwa yakalikumba jiji, na baadhi ya watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Na mpaka wa shina, lile kundi dogo la nyumba ndani ya mtaa, ulichorwaje? Huo mara nyingi uko kichwani mwa mjumbe anayeliongoza shina hilo, si kwenye karatasi. Basi wajumbe wakauonesha kwa kidole.

Ramani imo kwenye tovuti ya ramani ya OpenStreetMap, bure kwa yeyote. Baadhi ya nyumba zilichorwa na watu wa kujitolea walio nchi za mbali, wakifuata mapaa ya mabati kwenye picha.