Keki ya Machungwa, na Asiyekula Ngano Naye Ale

Keki ni neno tamu, lakini keki nyingi tunazokula katika sherehe zetu si tamu vile. Ni kavu! Ukitafuna kipande kimoja unaanza kutazama huku na huko kutafuta ni nani aliye na soda. Katika makala haya nataka kueleza jinsi ya kuoka keki ya machungwa nyumbani, keki laini yenye unyevu wake, tena kwa jiko la makaa kwa sababu wengi wetu hatuna ovena. Pia nitaeleza jinsi ya kuioka bila hata chembe ya ngano. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na sababu yake mtaiona huko mbele.

Hebu tuanze na chungwa lenyewe. Wako watu wanaodhani chungwa la kijani halijaiva. Sivyo. Katika sehemu zenye joto kama Makueni na Pwani, chungwa huweza kuiva kabisa ndani huku ganda lake likibaki kijani, kwa sababu ile rangi ya kijani huondoka vizuri penye baridi ya usiku. Yale ya rangi ya kung'aa ya kwenye supamaketi mengine yametoka ng'ambo, na mara nyingi yamepakwa nta ili yasikauke. Ukinunua hayo, yasugue kwa maji ya moto kwanza. Mimi napenda ya kwetu. Jambo moja tu: ukinunua kando ya barabara, mama wa machungwa atataka kukumenyea kwa kisu chake kile kikali. Mwambie, "Mama, niachie na ganda." Harufu ya chungwa haiko sana katika maji yake, iko katika mafuta yaliyo kwenye ganda. Kunja kipande cha ganda karibu na mshumaa unaowaka uone vile vicheche vinavyoruka. Hayo ndiyo mafuta ninayoyasema.

Basi, keki ya kawaida ya ngano inahitaji vitu hivi: unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1, mayai 3, mafuta ya kupikia nusu kikombe, maji ya machungwa robo tatu ya kikombe (machungwa kama 3 hivi), beking pauda vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Paruza ganda la machungwa 2, lakini sehemu ya rangi peke yake. Ile nyeupe ya chini ni chungu. Chukua ganda hilo ulisugue na sukari kwa vidole mpaka sukari iwe na harufu ya chungwa. Piga mayai na sukari hiyo hadi yawe na povu, tia mafuta, tia maji ya machungwa, halafu unga uliochekechwa pamoja na beking pauda na chumvi. Koroga mpaka unga usionekane, kisha acha. Nasema acha!

Kwa nini uache? Hapa ndipo siri ya keki kavu ilipo. Ndani ya ngano mna protini ambazo zikikutana na maji na kukorogwa zinashikana na kuwa kama mpira. Kitu hicho huitwa gluteni. Ndicho kinachofanya chapati ivutike bila kukatika. Kwenye chapati ni kizuri, lakini kwenye keki kikizidi unapata kitu kigumu kama mkate wa juzi. Ukitaka kukiona kwa macho, kanda unga wa ngano kikombe kimoja kwa maji kidogo uwe donge, uache dakika 30, kisha uoshe donge hilo ndani ya bakuli la maji, ukibadilisha maji kila yanapogeuka meupe. Wanga wote utaondoka, nawe utabaki na kitu cha kijivu kinachonyumbuka kama chingamu. Jaribio hilo si geni: Mwitaliano mmoja wa Bologna, Jacopo Beccari, alilieleza mwaka wa 1728. Sasa jaribu vivyo hivyo kwa unga wa ugali. Donge litasambaratika lote na kuishia majini, maana mahindi hayana gluteni ya namna hiyo.

Mambo mengine yanayokausha keki ni haya. Kuna kushindilia unga ndani ya kikombe, ukadhani umepima viwili kumbe ni viwili na nusu. Kuna kupunguza sukari sana, na sukari si utamu tu, bali pia hushikilia maji ndani ya keki. Tena kuna kutumia majarini pekee. Majarini huganda keki ikipoa, lakini mafuta ya maji hubaki majimaji, kwa hivyo keki ya mafuta huonekana laini hata kesho yake. Na kubwa kuliko yote ni kuichelewesha motoni. Dakika 10 za ziada zinatosha kuiharibu.

Kuhusu jiko, ukiwa na ovena weka nyuzi 180 kwa dakika 40 hadi 45. Ukiwa na makaa, chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, uifunike na kuipasha moto kwa dakika kama 10. Kisha weka ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kutiwa rojo la keki. Funika kwa sinia au kifuniko cha bati, na juu yake panga makaa ya moto. Watu hukosea hapa: huweka makaa mengi chini na machache juu. Fanya kinyume chake. Chini moto mdogo, juu zaidi, la sivyo utakula masizi. Chunguza baada ya dakika 35 kwa kuchoma kijiti katikati. Kikitoka na makombo mawili matatu yaliyoshikana, epua. Ukisubiri kijiti kitoke kikavu kabisa, unyevu umekwenda zake. Ikiwa bado moto, itoboe matundu na uimwagie polepole nusu kikombe ya maji ya machungwa yaliyochemshwa na vijiko 3 vya sukari.

Sasa nije kwa lile nililoahidi. Nina binamu, msichana wa Gredi ya Nne, ambaye ana ugonjwa uitwao siliaki. Mtu wa siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake mwenyewe hushambulia utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vidole vidogovidogo vinavyofyonza chakula, navyo hulala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Mtoto anakula lakini hanenepi, tumbo linavimba, anahara, damu inapungua. Matibabu yake si vidonge. Ni kuacha gluteni maisha yote, yaani ngano, shayiri na rai, na kila kilichotengenezwa kwazo. Hivyo chapati hapana, maandazi hapana, mkate hapana. Siku kaka yake alipokatiwa keki, yeye alipewa ndizi mbili, akasema ati keki hata si tamu. Kila mtu pale alijua anadanganya.

Na si kwamba kidogo hakidhuru. Nyanya yetu, kwa mapenzi yake, alikuwa akimpa kipande cha andazi kisirisiri akisema mtoto hawezi kunyimwa hivyo. Ilibidi shangazi akae naye chini amweleze kwa heshima kwamba hata makombo yanaumiza. Nyanya alinyamaza sana, kisha akauliza, "Basi mchele anaweza?" Anaweza.

Jinsi ngano ilivyokamatwa ni hadithi inayofaa kujulikana. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa vita, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipatwa na njaa na mkate ukaadimika. Kila mtu alikonda, lakini watoto wenye siliaki wakawa nafuu! Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka wa 1950 Dicke aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya udaktari huko Utrecht. Lakini tafadhali, usisome haya kisha ukaacha ngano kwa sababu tumbo lilikuuma Jumanne. Maumivu ya tumbo yana sababu nyingi. Tena mtu akiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kinaweza kukosa kuuona ugonjwa. Hospitali kwanza.

Haya, keki ya binamu yangu. Mapishi haya yana asili kwa Wayahudi waliotoka Hispania, na yalijulikana sana kupitia kitabu cha mapishi ya Mashariki ya Kati alichotoa Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo, mwaka wa 1968. Ajabu yake ni kwamba chungwa linatumika zima, ganda na yote. Chemsha machungwa 2 makubwa kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka yalainike kabisa. Usimalize makaa kwa ajili hiyo tu. Injika githeri ikiiva, tumia moto uliobaki. Ukiona machungwa yako ni machungu, badilisha maji mara moja. Yakipoa yapasue, toa mbegu zote (ya kwetu yana mbegu si mchezo, nazo ni chungu), kisha yasage kwa blenda au uyaponde kwenye kinu hadi yawe uji. Piga mayai 6 na sukari gramu 250, tia uji wa machungwa, lozi zilizosagwa gramu 250 na beking pauda kijiko 1 cha chai. Oka nyuzi 190 kwa muda wa saa moja hivi. Rojo litaonekana jepesi mno na utaogopa. Usiongeze kitu. Keki hii haiwezi kukauka hata ukitaka, maana imejaa chungwa na mafuta ya lozi.

Najua mwasemaje: lozi ni ghali. Ni kweli. Sisi tunatumia korosho gramu 150 zilizosagwa pamoja na unga wa mchele gramu 100. Njugu karanga pia zinafaa, ila zitameza harufu ya chungwa, na uulize kwanza kama kuna mgeni ambaye njugu humdhuru.

Kama hata korosho hazipatikani, rudi kwenye mapishi ya kwanza. Badala ya vikombe 2 vya ngano weka unga wa mchele kikombe 1, wa muhogo nusu na wa wimbi nusu. Mayai yawe 4, kwa kuwa hakuna gluteni ya kushikanisha, na yai ndilo litakaloifanya kazi hiyo. Koroga upendavyo, kwani hapa hakuna mpira wa kuogopa. Acha rojo litulie dakika 30 ili unga wa mchele unywe maji, la sivyo keki itakwaruza ulimi kama mchanga. Beking pauda itie baada ya kutulia huko. Keki itakuwa ya rangi ya kahawia kwa sababu ya wimbi, na wengine watadhani umetia kakao. Waache wadhani.

Wenzetu wa Pwani huenda wanacheka wakisoma haya, kwa sababu wao wana mkate wa kumimina tangu zamani: mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari, iliki na mayai, kisha ukaokwa moto chini na moto juu. Hauna ngano hata kidogo. Ukiparuza ganda la chungwa ndani yake badala ya iliki, binamu yangu atahamia kwako.

La mwisho ni hadhari ya jikoni. Unga wa wimbi uliosagwa posho mili baada ya ngano ya mtu mwingine una ngano ndani yake, kwa hivyo nunua nafaka nzima, uichambue, uisage nyumbani au utafute mashine isiyosaga ngano. Unga wa uji uliochanganywa madukani, soma pakiti yake vizuri. Beking pauda nayo soma nyuma ya kopo, maana huwa na wanga ndani, nao unaweza kuwa wa ngano. Chekeche iliyowahi kuchekecha ngano haisafishiki vizuri, hivyo nunua nyingine na uifunge uzi mwekundu. Ukioka keki mbili siku moja, ya asiyekula ngano itangulie.

Keki ya ngano hukaa siku 3 hivi ikifunikwa vizuri. Ile ya machungwa mazima ina maji mengi, basi penye joto iliwe kwa siku 2, lakini huwa tamu zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Ukimwona mtu anaikata ikiwa bado moto, mpokonye kisu.